Krismasi ya Mafunjo na Udongo: Kazi za Mikono za Watoto Ufuoni mwa Ziwa Victoria

Katika nchi za kaskazini mwa dunia, ambako mengi ya mapambo ya Krismasi yanayojulikana leo yalianzia, sikukuu hii huangukia katika majuma ambayo usiku ni mrefu na baridi ni kali, na kwa sababu hiyo mishumaa, taa za rangi na matawi ya miti isiyopukutisha majani hupata maana yake kutokana na giza lenyewe. Kisumu, mji ulio ufuoni mwa Ziwa Victoria, haina giza la namna hiyo. Mji huu uko karibu kabisa na ikweta, kwenye mwinuko unaozidi kidogo mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua huchomoza na kutua karibu saa zile zile mwaka mzima, hivi kwamba mtoto wa Nyalenda au wa Seme hawezi kuiona Krismasi ikija kwa kutazama mbingu. Huiona kwa kutazama barabara na kuta: barabara, kwa sababu mabasi yatokayo Nairobi na Mombasa huja yamejaa watu na mizigo, na kuta, kwa sababu nyumba za mashambani huanza kukandikwa upya. Katika ufuo huu Krismasi ni sikukuu ya kurudi nyumbani, na kazi za mikono ambazo watoto hupewa katika majuma hayo hueleweka vizuri zaidi zikitazamwa kama fungu lao katika kuwaandalia mahali wale wanaorudi.

Jina la sikukuu lina historia yake. Wazungumzaji wengi wa Dholuo, yaani lugha ya Wajaluo, huiita Krismasi sikuku, neno la Kiswahili lililochukuliwa na kupewa siku hii moja, kana kwamba katika mwaka mzima hakuna nyingine ya kushindana nayo. Wakatoliki wanaosali kwa Kiswahili huiita Noeli. Desturi zenyewe zilienea ufuoni mwanzoni mwa karne ya 20, katika miaka ile ile ambayo reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, Desemba 1901, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence na ambapo leo ni Kisumu. Wamisionari wa Kikatoliki wa Mill Hill, Waanglikana walioanzisha kituo cha Maseno mwaka 1906, na Waadventista waliofika Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka huo huo, walikuja kila mmoja na kalenda yake. Waadventista, kwa mfano, hawaihesabu Krismasi miongoni mwa siku takatifu za kanisa lao, ingawa familia nyingi za waumini wao hukutana mwezi huo kama zinavyokutana za majirani. Reli, kwa upande wake, iliwachukua wanaume kwenda kutafuta kazi mbali, na Desemba ikawarudisha wakiwa na sukari, mkate na nguo za watoto. Hata baada ya mabasi na matatu kushika sehemu kubwa ya safari hizo, treni haijapoteza nafasi yake katika fikira za watu, na usafiri wa abiria wa reli kati ya Nairobi na Kisumu, uliokuwa umekatika kwa miaka mingi, ulirejeshwa Desemba 2021, kwa wakati wa watu kwenda kula sikukuu kwao.

Dholuo hutofautisha ot, yaani nyumba ambamo mtu hulala, na dala, yaani boma ambalo mtu huhesabiwa kuwa wa hapo. Mtu anaweza kuwa na ot yake Nairobi kwa miaka arobaini, akawalea na kuwasomesha watoto ndani yake, na bado dala yake ikawa Asembo, Nyakach au Uyoma. Tofauti hii ndiyo inayoeleza kwa nini mti uliopambwa sebuleni mjini, hata ukiwa wa kupendeza namna gani, hauchukui nafasi ya ukuta uliokandikwa shambani.

Nyumba ya udongo huchakaa kwa mvua, kwa maana matone yanayoruka kutoka ardhini huula ukuta upande wa chini, na nyufa hufunguka upande wa juu. Mvua za vuli zinapopungua, wanawake wa boma huchimba udongo, huuloweka, huuponda kwa miguu na kuuchanganya na samadi mbichi ya ng'ombe. Samadi haitiwi kwa mazoea tu. Ndani yake mna nyuzi za majani ambazo tumbo la ng'ombe halikuzisaga zikaisha, na nyuzi hizo huushika udongo usipasuke unapokauka. Tabaka la kwanza ni zito, nalo hujaza mashimo na nyufa. La pili ni jepesi, la majivu au la udongo wa rangi, mwekundu, mweupe au wa kijivu, ambalo hupakwa kwa kiganja kwa mwendo wa nusu duara. Kabla tabaka hili halijakauka ndipo mchoro unapoingia: vidole vitatu au vinne huburutwa pamoja na kuacha mistari inayokwenda sambamba, pengine ikipanda na kushuka kama mawimbi, pengine ikijipinda na kukutana kama magamba ya samaki, na mkandikaji hodari huweza kuujaza ukuta mzima bila kuacha alama ya mahali alipopumzika.

Watoto huingia katika kazi hii kama wachukuzi wa maji na samadi. Baadaye hukabidhiwa sehemu ya chini ya ukuta, ile ambayo mtu mzima angelazimika kuinama ili kuifikia, na hapo alama za vidole vidogo hubaki zimesimama kando ya zile za mama na nyanya, zikiwa zimepinda kidogo, zimekaribiana mno, lakini katika udongo ule ule na chini ya paa lile lile. Vitabu vya kazi za mikono za Krismasi havina ukurasa kuhusu kukandika nyumba, na hilo ni pengo kubwa, kwa sababu ni vigumu kutaja pambo lingine la sikukuu ambalo mtoto hulitengeneza pamoja na watu wazima, kwa vifaa visivyonunuliwa, kisha akalala ndani yake. Kazi yenyewe haivumilii kuahirishwa, kwani ukuta unahitaji siku kadhaa za jua kabla ya wageni kuwasili, na mtoto hujifunza kwa mkono kwamba sikukuu ina tarehe. Nyumba za matofali na saruji zimeipunguza kazi hii katika maboma mengi. Mahali pake pameshikwa na kufua vitambaa vya kroshia vinavyofunika viti na meza, kuvitia wanga na kuvianika vikiwa vimenyooshwa, shughuli ambayo nayo hugawiwa watoto.

Upande wa ziwa, Nam Lolwe kwa jina la wenyeji, vifaa ni vingine. Kutoka katikati ya mji wa Kisumu hadi Dunga ni mwendo mfupi kuelekea kusini, na hapo ufuo umefunikwa na ukanda mpana wa mafunjo, mimea ya majini ambayo Wajaluo huiita togo na ambayo Wamisri wa kale waliitumia kutengenezea karatasi. Bua la funjo huweza kufikia mita nne au tano, halina fundo wala jani kati ya maji na kilele, na likikatwa huonyesha pembe tatu; juu kabisa hufunguka shungi la nyuzi za kijani zinazoinama kila upande. Wasusi wa Dunga hutumia bua hilo kwa mikeka, vikapu na viti, na mabaki yao, vipande vifupi visivyofaa mkeka, ndiyo hazina ya watoto. Ili kutengeneza nyota, bua hupasuliwa kwa urefu, moyo wake mweupe hukwanguliwa, na vipande sita vya ganda vyenye urefu wa kiganja hufungwa vitatu vitatu kuwa pembetatu mbili. Moja hulazwa juu ya nyingine ikiwa kichwa chini, na zote mbili hufungwa kwa uzi wa mkonge mahali pale zinapokatana, ikapatikana nyota ya ncha sita bila gundi wala msumari. Ganda hutumika likiwa limenyauka siku mbili tatu, kwa sababu likiwa bichi mno husinyaa baadaye na kuliacha fundo limelegea, na likiwa kavu kabisa huvunjika mkononi. Mtoto anayejaribu mara mbili au tatu huanza kuitambua saa ya ganda kwa kulikunja tu, na ujuzi huo wa vidole ndio mwanzo wa ususi wote.

Gugumaji lina habari nyingine, kwa kuwa si mwenyeji. Mmea huu unaoelea, wenye maua ya zambarau yanayomvutia kila mtoto, asili yake ni bonde la mto Amazon huko Amerika Kusini, nao ulianza kuonekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Katika mwongo uliofuata ulitanda katika Ghuba ya Winam, ambayo Kisumu iko kwenye ncha yake, hadi mashua zikashindwa kutoka na kuingia. Mabua yake yamejaa matundu ya hewa kama sponji, na zaidi ya sehemu tisa katika kumi za uzito wake ni maji, kwa hiyo rundo linalomlemea mtu mzima hukauka likawa fungu ambalo mtoto hulibeba kwa mkono mmoja. Bua likishakatwa mizizi na jani, likaoshwa na kuanikwa hadi likageuka rangi ya kahawia, hulainishwa kwa maji kidogo na kusukwa kwa njia tatu kuwa ukili, neno ambalo watu wa pwani hulitumia kwa ukanda wa ukindu uliosukwa na ambalo linafaa hapa vilevile. Ukili wa gugumaji ukizungushwa na kushonwa hutoa taji la kutundika mlangoni, kikapu kidogo cha peremende au malaika mwenye mikono mipana. Ukianikwa nusu nusu, hushika ukungu kabla ya Mwaka Mpya. Katika karakana za Kisumu mabua hayo hayo hukatwakatwa, huchemshwa kwa magadi, hupondwa pamoja na karatasi kuukuu na kutandazwa juu ya wavu hadi yakawa karatasi nene yenye mikwaruzo ya asili, ambayo hufaa sana kwa kadi za Krismasi. Kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa madukani ilichapishwa London mwaka 1843 kwa agizo la Henry Cole, mtu aliyekuwa na barua nyingi za kujibu na muda mchache. Kadi ya karatasi ya gugumaji iliyobandikwa petali kavu za bogonvilia na mtoto wa darasa la tatu haiokoi muda wa mtu yeyote, na thamani yake iko hapo hapo. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba ususi unaliondoa gugu ziwani, kwa maana katika hali nzuri ya joto na maji machafu yenye rutuba mmea huu huweza kuongezeka maradufu katika muda wa majuma machache, na hakuna idadi ya mikono inayoweza kushindana na kasi hiyo.

Kuna tahadhari ambayo mzazi wa ufuoni anaijua na mgeni kutoka mjini pengine haijui. Konokono wanaoishi kati ya magugu ya ufuo hubeba vimelea vya kichocho, ugonjwa ambao humwingia mtu kupitia ngozi anaposimama majini, na viboko nao hupumzika katika mafunjo na kutoka jioni kwenda malishoni. Kwa hiyo kukata mafunjo na kuvuta gugumaji ni kazi ya watu wazima wanaoufahamu ufuo, na fungu la mtoto huanzia nchi kavu, juu ya mabua yaliyokwisha kuanikwa. Ndivyo ilivyo pia kwa mnyaa, ule mmea wa ua wa boma uitwao ojuok, ambao matawi yake ya kijani yasiyo na majani humtamanisha mtu kuyatumia kama pambo: utomvu wake mweupe huchoma ngozi na unaweza kuyadhuru macho vibaya.

Udongo ule ule unaokandika nyumba huchezewa pia na watoto kwa njia nyingine. Watoto wa Nyanza wamekuwa wakifinyanga ng'ombe wa udongo tangu kabla ya kanisa lolote kujengwa, wenye nundu na pembe ndefu, na ufinyanzi wa watu wazima ungali hai katika vijiji kama Oriang, Kaunti ya Homa Bay, ambako wanawake hutengeneza vyungu kwa mikono bila gurudumu. Desturi ya pango la Noeli, yaani mandhari ya kuzaliwa kwa Yesu inayoonyesha hori la kulishia mifugo, mtoto mchanga, wazazi wake, wachungaji na mamajusi, iliukuta ujuzi huo ukiwa tayari. Pango lilienezwa na wafuasi wa Fransisko wa Assisi, ambaye mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio nchini Italia, aliandaa hori lenye nyasi pamoja na ng'ombe na punda walio hai, ili watu wasiosoma waone kwa macho umaskini wa kuzaliwa huko. Mtoto wa mashambani mwa Kano au Kadem hahitaji kuelezwa hori ni nini, wala harufu ya zizi usiku ikoje, na pengine hakuna msikilizaji wa habari hiyo aliye karibu nayo kuliko yeye. Ng'ombe wake hufinyangwa kwa bonge moja, shingo ikivutwa kutoka mwilini badala ya kubandikwa, kwa kuwa viungo vilivyobandikwa hudondoka udongo unapokauka. Kisha huwekwa kivulini, kwani jua kali hukausha nje kabla ya ndani na kuupasua mgongo. Huko Tabaka, Kaunti ya Kisii, wachongaji hutengeneza mapango kamili kwa jiwe la sabuni, jiwe laini linalokatika kwa panga na kung'arishwa kwa msasa, nayo husafirishwa hadi Ulaya na Marekani, lakini ng'ombe wa udongo usiochomwa hawezi kusafirishwa popote.

Nyota ya mamajusi, nayo, ina mfano wake ziwani. Omena, wale samaki wadogo wa rangi ya fedha, huvuliwa usiku kwa taa zinazoelea juu ya maji, kwa sababu wadudu na samaki huvutwa na mwanga, na wavuvi huzichagua nyakati zisizo na mbalamwezi kubwa. Zamani taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi nyingi ni za betri au za nguvu ya jua; kwa yule anayezitazama kutoka ufuoni, ziwa huonekana kama mji mwingine uliowashwa. Taa ya mkebe huweza kutengenezwa kwa kuufuata mfano huo: mkebe mtupu hujazwa mchanga uliolowa ili usibonyee, matundu hutobolewa kwa msumari kufuata nyota iliyochorwa kwa chaki, mchanga humwagwa, na ndani huwekwa tochi ndogo badala ya mshumaa pale ambapo paa ni la nyasi.

Mapambo yaliyotoka mbali hayana budi kutajwa, ingawa kwa ufupi, maana yanajulikana. Mti unaotumiwa zaidi ni msaipresi, ambao watu wengi huuita tu mti wa Krismasi, na ambao asili yake ni Meksiko na nchi za jirani. Tawi lake moja, lililosimamishwa katika ndoo ya mchanga, hutosha. Baluni, karatasi za rangi zilizokatwa na kuunganishwa kuwa mnyororo, na karatasi ya shashi iliyosokotwa na kuvutwa kutoka pembe moja ya dari hadi nyingine, hufanya sebule ya Manyatta au Kondele kujulikana mara moja kuwa imefika Desemba. Inafaa kukumbuka kwamba mengi ya mapambo hayo yaliyoagizwa yalianza kama kazi za watoto. Taji la Majilio, yaani la majuma manne ya kuingojea Noeli, lilibuniwa na mchungaji Johann Hinrich Wichern mjini Hamburg mwaka 1839 kwa ajili ya watoto maskini aliowalea, ambao walimuuliza kila siku Krismasi itafika lini. Alichukua gurudumu kuukuu la mkokoteni, akapanga mishumaa juu yake, na siku zikawa zinahesabika. Nyota ya karatasi yenye ncha nyingi, inayotundikwa katika makanisa ya Wamoravian ulimwenguni, ilizaliwa katika shule yao ya bweni huko Ujerumani katika karne ya 19 kama zoezi la hesabu la maumbo. Kuwapa watoto wa Kisumu mkasi, gundi ya unga wa ngano na magazeti ya zamani, basi, ni kuwarudishia kilichotoka kwa watoto wenzao.

Baada ya kula chapati na kuku, au samaki aitwaye ngege aliyekaangwa mzima pale ambapo ziwa liko karibu, binamu waliokutana kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita hulazwa pamoja, mara nyingi nyumbani mwa nyanya, na hapo desturi ya zamani hujirudia bila kupangwa na mtu. Wajaluo walikuwa na siwindhe, nyumba ya mwanamke mzee aliyeitwa pim, ambamo watoto wa boma walilala na kufundishwa kwa vitendawili na sigana, yaani ngano za usiku. Siwindhe kama taasisi ya kila siku imetoweka kwa kuja kwa shule, na ni nyakati za likizo tu ambapo watoto wa Nairobi, ambao Dholuo yao ni ya kusuasua, hujikuta kwenye mkeka mmoja na wale wa kijijini ambao hawakosei neno, mmoja akijua kukata malaika wa karatasi na mwingine akijua kumfinyanga ng'ombe asipasuke mgongo.

Pango huvunjwa baada ya sikukuu ya Epifania, tarehe 6 Januari, wakati shule zinapokaribia kufunguliwa na waliokuja wengi wamekwisha kuondoka. Nyota za mafunjo hutumiwa kuwashia moto, na ng'ombe wa udongo huachwa uani hadi mvua inapowayeyusha. Ukuta hukaa zaidi, pengine mpaka masika ya Machi na Aprili, na sehemu inayoliwa kwanza na matone ya mvua ni ile ya chini, iliyokandikwa na watoto.